Daktari wa Jumamosi

Shemeji yangu Byabato akisikia namsema hivi atanuna mpaka Krismasi, na anune tu. Mtu mzima, ana akili zake, ana kahawa na migomba yake kule Rubya, akisimama kwenye jumuiya watu wanamsikiliza, halafu nusura amfukuzishe mwanawe chuo kwa mdomo wake mwenyewe. Si adui aliyefanya hivyo, si mchawi, si umaskini. Baba mzazi! Nikikumbuka nakata kitambaa vibaya, na mimi ni fundi cherehani, kitambaa chenyewe ni cha mtu.

Naitwa Edvina. Nashonea Miembeni, hapa Bukoba mjini, na nyumba yangu iko Kibeta. Mke wa Byabato, Jovina, ni dada yangu, tumbo moja. Kwa hiyo Kokugonza ni mwanangu, na asije mtu akaniambia ni mtoto wa dada. Alipopata nafasi ya kusomea utabibu kwenye chuo kimoja hapa mjini, hakuna hata aliyeuliza atakaa wapi. Alikuja na sanduku lake, mkungu wa ndizi na maharage ya mama yake, nikampa chumba cha uani chenye dirisha kubwa ili aone vizuri anaposoma.

Koku si mtoto wa kelele. Akikuamkia anapiga magoti mpaka chini, hata kama pana matope, si kama hawa wa siku hizi wanaopinda goti kidogo utadhani wamejikwaa. Utabibu hakuuchagua kwa ajili ya sifa. Aliniambia siku moja tukimenya ndizi, "Mama mdogo, mimi nataka tu kujua mtu akisema anaumwa hapa, hapa pana nini ndani." Nikamwambia na mimi ningependa kujua, maana mgongo wangu una mambo yake.

Mwalimu wao aliwaeleza mapema kabisa: mwaka wa kwanza ndio unaochuja watu. Anayesema atajirekebisha mwaka wa pili, huo wa pili hauoni. Na somo linaloangusha wengi ni la maumbile ya mwili, mifupa, misuli na mishipa yote kwa majina yake magumu. Ukifeli unapewa mtihani wa marudio, wenyewe wanauita sapu. Ukifeli na sapu, umedisko, unafunga sanduku unarudi kwenu. Ndiyo hivyo, hakuna cha kubembelezana.

Wiki za mwanzo alianza vizuri kweli. Alikuwa na mwenzake anaitwa Joyness, binti wa Kilutheri wa hapo hapo Kibeta, mcheshi, kichwa chepesi. Jumamosi chuo kilikuwa kinawafungulia chumba cha mazoezi, wanashika mifupa ya plastiki, wanaulizana, wanacheka, wanarudi jioni wamechoka na wameelewa. Nikawa nawapikia. Nikasema huyu mtoto anafika.

Balaa lilianzia kwenye koti. Chuo kiliwataka wawe na koti jeupe la mafunzo, nikamshonea mwenyewe, likamkaa vizuri mpaka wenzake wakaja kuniletea oda. Akapiga picha, akamtumia baba yake. Kuna kosa gani hapo? Hakuna. Lakini Byabato aliionyesha picha ile kanisani, akaionyesha sokoni, akaionyesha kwenye kilabu cha rubisi, ile pombe yetu ya ndizi, na kila alipoionyesha akasema, "Daktari wetu huyu." Hakusema mwanafunzi. Hakusema ameanza chuo juzi. Daktari!

Ijumaa akampigia simu. "Njoo nyumbani kesho, mama yako amekukumbuka. Na lile koti uje nalo."

Hebu niambieni. Mama amemkumbuka mwanawe, sawa. Koti la nini? Dada yangu ana ugonjwa gani wa macho hata asimtambue mtoto wake bila koti?

Akaenda. Alipofika akakuta sebule imetandikwa majani mabichi kama kuna ugeni mkubwa, na watu wamejaa. Huyu kichomi, yule mtoto wake anakohoa, mzee mwingine halali usiku. Byabato anazunguka katikati yao anagawa kahawa ya kutafuna, anang'aa. "Karibuni, karibuni, daktari ameingia!"

Koku akamvuta baba yake pembeni. "Tata, mimi bado sijui kitu. Tumeanza juzi."

Basi Byabato akageuka na kucheka kwa sauti. "Mmemsikia? Msomi wa kweli ndivyo alivyo, hajisifu."

Sasa angefanyaje? Huku kwetu binti habishani na baba yake mbele ya wageni. Utamkatalia jikoni, utamlilia mama yako uani, lakini wageni wakishakaa na kahawa mkononi, neno la baba ndilo neno. Ukilivunja, hujamvunjia yeye peke yake, umeuvunjia ukoo. Mtoto akavaa koti, akakaa, akawashika mikono mmoja mmoja, akawasikiliza, na kila mmoja akamwambia maneno yale yale: nenda hospitali.

Na hospitali iko pale pale, jamani! Ukipiga chafya kwa Byabato, hospitali wanakwambia afya. Ina madaktari wake waliosoma wakamaliza, inapokea watu kila siku. Lakini daktari wa nyumbani ana utamu wake. Unakaa kwenye kiti cha jirani, unaeleza ugonjwa wako kwa Kihaya mpaka unamaliza, mtoto mliyemlea wenyewe anakuitikia kwa heshima, na ukitoka unapewa rubisi. Watu wakarudi makwao wanasema, "Daktari ameniona." Hayo ya nenda hospitali hakuna aliyeyabeba.

Ijumaa iliyofuata simu ikalia tena. Na iliyofuata. Ikawa ndiyo desturi. Jumamosi sebuleni, Jumapili baada ya misa wengine wanamngoja mlangoni pa kanisa, jioni anarudi Kibeta macho mekundu, na mkungu wa ndizi. Joyness anamletea madaftari: "Koku, jana tulipitia mkono mzima." Anakaa ananakili. Kunakili ni kunakili tu, mwenzangu, mifupa inataka uishike.

Nikamwambia, "Kataa." Akasema, "Mama mdogo, nikikataa atasema nimeota mapembe." Nikaona isiwe taabu, nikampigia Byabato mwenyewe.

"Shemeji, mwache mtoto asome. Huu mwaka wa kwanza si wa kuchezea."

"Edvina, wewe shona nguo. Huyu nimemzaa mimi. Udaktari ni kuzoea wagonjwa, na mimi namzoesha. Wenzake wanasubiri mwaka wa tatu."

"Anawazoea, lakini hajui wana nini!"

"Una wivu," akaniambia. Nikakata simu kabla sijamtukana, maana tusi lilikuwa limeshafika kwenye meno.

Mitihani ya muhula wa kwanza ikaja ikapita. Matokeo yalipotoka nikamuuliza, akajibu, "Tumshukuru Mungu," akaenda kuosha vyombo. Mimi nikashukuru kweli. Siku hiyo hiyo nikapika samaki.

Kumbe! Joyness alipita bandani kwangu kupunguza sketi, na katika maongezi akasema, "Mama, mtie moyo Koku. Sapu siyo mwisho wa dunia."

Nikaweka mkasi chini. "Sapu gani?"

Akaziba mdomo. Nikafunga banda na wateja wakiwa wamekaa, nikapanda bodaboda mpaka Kibeta. Nilimkuta chumbani kwake na kitabu, nikamfokea na yeye, Mungu anisamehe. "Samaki wangu umekula, unanitazama, na umefeli?"

"Nimefeli mwili," akasema. "Lile somo lenyewe."

"Baba yako anajua?"

"Hajui. Usimwambie, mama mdogo, nakuomba. Ameshapanga sherehe."

Nikadhani sikusikia vizuri. Sherehe! Misa ya shukrani nyumbani, ng'ombe, turubai, MC na maspika, kumshukuru Mungu kwa kuwapa daktari. Jumamosi. Na sapu ni Jumatatu yake. Nimezaliwa Kagera nimekulia Kagera, nimeona watu wakifanyia sherehe ubatizo, ndoa, nyumba mpya. Sherehe ya mwanafunzi wa mwaka wa kwanza niliiona kwa Byabato.

"Huendi," nikamwambia.

Akaanza kulia. "Padre atakuja, wageni watakuja, tata atasimama pale peke yake. Nitamwangushaje?"

"Na ukidisko, hutamwangusha?"

Akajifunika uso kwa kitabu. Alilia mpaka hasira yangu ikageuka huruma, nikakaa kitandani kwake. Tukakubaliana hivi: tutaenda wote, kwa gari la Ayubu jirani yangu, na misa ikiisha tunageuza. Vitabu akavibeba kwenye mfuko.

Tulifika Rubya tukakuta kweli mtu ameamua. Turubai kubwa mbele ya nyumba, moshi wa mapishi kila upande, Byabato amevaa suti nzito kwenye jua lile. Dada yangu Jovina alinikumbatia jikoni akaniambia kwa sauti ndogo, "Nilimkataza." Nikamwambia, "Ulimkataza ukiwa umekaa." Hakupenda. Lakini wote tulikuwa tumemlea Byabato vibaya kwa kunyamaza, na dada alilijua hilo.

Misa ilikuwa nzuri. Padre akahubiri juu ya unyenyekevu, sijui alijua nini, akabariki chakula, akaaga kuwahi misa nyingine. Mimi nikamkonyeza Koku twende. Kabla hajainuka, MC akaita, "Sasa tumkaribishe mwenyewe, Daktari Kokugonza!" Vigelegele. Byabato akamletea koti, akamvalisha kwa mikono yake, akachukua maikrofoni.

"Tangu daktari wetu aanze kutoa huduma hapa nyumbani, watu wamepata nafuu. Na shahidi ninaye. Mleteni Ma Annastella."

Ma Annastella ni mjane, jirani yao, kibanja chake cha migomba kimepakana na chao. Walimleta juu ya kiti, vijana wamemshika huku na huku, mguu umefungwa kanga. Alijikata na jembe akipalilia migomba. Nilisikia habari zake kwa Koku: alimwangalia mara ya kwanza akamwambia aende hospitali, akamwangalia tena akamsihi aende hospitali. Nikadhani alikwenda. Koku naye alidhani hivyo.

Akapiga magoti, akaifungua ile kanga. Mimi si mganga, ila harufu iliponifikia nilijua. Vidole viwili vilikuwa vyeusi.

"Bibi," Koku akasema, "si nilikwambia uende hospitali?"

"Baba yako alisema usiwe na haraka, Jumamosi daktari atakuja akuangalie tena," bibi wa watu akajibu, mpole, hana hata lawama. "Nikasema niwasumbue wa hospitali ya nini, mjukuu wangu, na wewe upo?"

Byabato hata harufu ya huo mguu hakuisikia. Alikuwa anawatazama wageni. "Sasa daktari atatueleza dawa," akasema kwenye maikrofoni.

Koku akaurudishia mguu kanga. Alimgeukia baba yake, akapiga magoti pale pale kwenye vumbi na lile koti jeupe, akamwambia, "Tata, nisamehe." Byabato akadhani ni heshima, akatabasamu. Kisha mtoto akasimama akachukua maikrofoni mkononi mwa baba yake.

"Mimi siyo daktari," akasema. Sauti ilisikika mpaka barabarani. "Niko mwaka wa kwanza. Na mwaka wenyewe huu nimefeli somo la mwili wa binadamu. Keshokutwa narudia mtihani, nikifeli tena nafukuzwa. Mguu huu sijui kuutibu. Wanaojua wako pale hospitali. Bibi anakwenda sasa hivi, na ninyi wote niliowashika mikono nendeni, nawaomba. Mlikuwa mnangoja mtu ambaye hayupo."

Hakuna aliyepiga kigelegele. Mama mmoja aliyekuwa na sahani aliishusha polepole. Byabato alimfuata MC akamwambia azime spika, kisha akamjia mwanawe karibu kabisa.

"Umenivua nguo mbele ya watu."

Hapo ndipo mimi nilipochemka. Muhula mzima nilikuwa nameza, na siku hiyo nikatapika yote. "Na yeye ulimvua nini?" nikamwambia, na sikuhitaji spika. "Jumamosi zake zote umekula! Alikwambia hajui, ukacheka! Mtoto anajua kwamba hajui, na wewe baba yake unamvalisha koti! Ona mguu wa watu ule, Byabato, usitazame wageni, tazama mguu!"

Akautazama. Nafikiri ndiyo mara ya kwanza aliutazama. Sisi hatukungoja aseme neno. Tukampakia Ma Annastella kwenye gari la Ayubu, nyama tukaiacha kwenye masufuria.

Hospitali walimpokea vizuri, wakamlaza papo hapo. Mganga akauliza, kwa upole tu, mbona amecheleweshwa hivi. Mimi na Ayubu tukaangalia chini. Koku ndiye aliyejibu.

"Alikuwa ananingoja mimi."

Vidole vile vilikatwa. Mguu ulipona, namshukuru Mungu, lakini walituambia zingepita siku chache tu na mguu wote ungekwenda. Tukaanza kurudi Bukoba, Koku amekaa nyuma. Alifungua kitabu cha mifupa kwenye gari akasoma mpaka giza likamkatalia.

Jumapili simu yake niliizima nikaiweka kifuani kwangu, anayeitaka aje aitoe. Joyness akaja asubuhi baada ya ibada yao. Mifupa ya plastiki iko chuoni, kumefungwa, wakasimama wanaangaliana. Nikawaletea chaki yangu ya kuchorea vitambaa, nikawaambia mwili si huu hapa? Wakanisimamisha ukumbini na gauni la ndani, wakanichora mikono, mbavu, miguu, kila mfupa na jina lake, wakakosea, wakafuta, wakanigeuza huku, wakanigeuza kule. Jirani alikuja kuomba chumvi, akanikuta, akarudi bila chumvi. Siku hiyo nilicheka kwa mara ya kwanza tangu Joyness ataje sapu, na Koku alicheka pia, halafu akasema kwa haraka mishipa yote ya mkono bila kukosea hata mmoja.

Alifaulu. Si kwa maksi za kujisifia, alifaulu za kumbakiza darasani, na hizo ndizo tulizokuwa tunazitaka.

Muhula wa pili Byabato alikaa kimya. Wiki zikapita. Mama yake anapiga, baba hapigi. Jumamosi Koku alikuwa chuoni na mifupa yake kama wenzake, na kitabu kikawa kinamwelea. Lakini msidhani alifurahi tu. Nilimkuta mara nyingine ameshika simu ameitazama. Alimpenda baba yake, ndiyo maana yote hayo yakatokea. Mimi nikazidi kuchukia, maana mtu mzima anamnunia mtoto kwa kusema kweli.

Siku moja mchana, niko bandani nampima mama mmoja wa Muleba mjini aliyekuja kushona gauni la harusi ya mdogo wake, Koku amekaa nyuma ya cherehani anakula karanga na daftari mapajani, nikaona suti ile ile inasimama mlangoni. Byabato. Amebeba mkungu wa ndizi begani kwenye suti! Nikampokea mkungu, maana ndizi hazina kosa.

"Alifaulu?" akaniuliza mimi, kana kwamba mwanawe hayupo.

"Muulize."

Koku alishatoka nyuma ya cherehani, akapiga magoti kwenye vipande vya vitambaa, akamwamkia kama siku zote. Byabato akaitikia. Akakohoa.

"Basi Jumamosi uje. Watu wanakuuliza."

Yesu wangu! Nilikuwa na pini mdomoni, ningemeza. Lakini Koku aliwahi.

"Nitakuja tukifunga chuo, tata. Nitakuja kuwasalimia."

"Na watu nitawaambia nini?"

"Waambie niko mwaka wa kwanza."

Byabato akavuta kola ya suti. Akamtazama mama wa gauni, akanitazama mimi, akatazama nje. Nikatoa pini mdomoni. "Sema basi tukusikie, shemeji," nikamwambia, na sikuwa na utani. "Hujawahi kuyasema maneno hayo hata siku moja. Sema hapa hapa."

Nilidhani ataondoka. Jasho lilimtoka kwenye suti yake. Kisha akamgeukia yule mama, mtu asiyemjua kabisa, akasema kwa sauti ndogo, kama anayeungama:

"Huyu ni mwanangu. Yuko mwaka wa kwanza."

Yule mama akashusha mikono niliyokuwa nampima. "Chuo? Huyu mdogo hivi?" Akamtazama Koku juu mpaka chini. "Ee, hongera sana, baba! Wangu alikomea la saba."

Hongera hiyo Byabato hakuitegemea. Akatafuta kiti akakaa.